Mzee Aliyeosha Mawe ya Chini ya Menengai

Mbele ya huyu mzee hufuniki sufuria. Uliza mtu yeyote wa hapa kwetu Kiamunyi, huku nyuma ya mlima wa Menengai. Akipata umefunika anainuka pole pole, anafunua, anaweka kifuniko chini, anarudi kuketi. Haongei. Mara ya kwanza nilifikiri ni tabia mbaya, nikasema huyu mwanaume anachungulia kama nimepika nyama. Kumbe alikuwa anaogopa. Na vile alinieleza anaogopa nini, nikaanza kuogopa pamoja na yeye, na sijaacha mpaka leo. Hata saa hii nakuambia nikicheka, lakini kwangu sufuria zote ziko wazi.

Tulimwita Muosha Mawe. Jina lingine liko kwa kitambulisho, hiyo ni yake na serikali. Alizaliwa wapi sijui, na watu wake ni akina nani sikuuliza. Mtu akihamia karibu na wewe unauliza kitu moja tu, kama ako na mbwa kali.

Kazi ndiyo ilimpa jina. Huko ndani ya Menengai, kwa ile shimo kubwa, wanachimba visima vya mvuke, ya kutengeneza stima. Mashine inaingia chini mbali sana, na vile inaenda, inatema juu matope na vipande vya mawe vidogo kama mchele. Sasa lazima mtu achote hiyo matope, aoshe kwa chujio mpaka mawe ibaki safi, aweke kwa mfuko kidogo na aandike imetoka urefu gani. Halafu wasomi wanakuja kuangalia. Huyo wa kuosha ndiye alikuwa yeye, miaka mingi. Kwa shule hakunishinda sana, yeye alifika darasa la saba na mimi la tatu. Lakini aliosha mlima mzima na mikono yake, kutoka juu kwenda chini, na mtu akikuosha hivyo, huyo anakujua.

Hiyo kuosha ikamwingia kwa damu. Kwa harusi yeye hakai na wazee kwa hema, anakuja upande wa masufuria tukichambua maharagwe, anakunja mikono ya shati. Anaosha mara tatu, anainua kwa mwangaza, anaosha tena. Wanawake wanamwambia, "Mzee, hiyo ni maharagwe, si Menengai!" Na yeye anajibu bila kuinua macho, "Yote iko na mawe, mama. Ni meno yako itaamua."

Sasa nikuambie kwa nini maneno yake ilikuwa kubwa kwangu hivyo. Niko na msichana mmoja, Shiru, na yeye ako na watoto watatu. Walikuwa wanaishi Section 58 huko mjini, nyumba ya kukodisha, watoto wamelala kama mihogo kwa gunia. Nikamkatia ploti kwa shamba yangu, hapo juu kabisa, karibu na mlima. Akataka kujenga. Ni hapo shida ilianza. Nikimwambia jenga, na hii volkeno tunaishi juu yake iamke, ni mimi nimewaua. Nikimwambia usijenge, nimempa na mkono huu nikanyang'anya na ule. Basi kila nikikutana na Muosha Mawe namuuliza, "Mzee, msichana ajenge ama asijenge?" Na huyu mtu, mwenye anaweza kuongea kutoka chai mpaka chakula ya mchana, hapo anakuwa bubu. Anasema tu, "Mama Shiru, wacha kwanza nikuonyeshe kitu."

Na kila kitu alinionyesha iliniongezea woga.

Siku moja alinipata niko na moto mbili. Kwa moja uji, kwa ingine ugali. Akaketi kwa kiti ya Shiru.

"Mama Shiru, hapo gani inakuchoma mkono?"

"Si ugali."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inaruka. Ona hapa." Nikamwonyesha makovu.

"Na uji?"

"Uji haina maneno. Inapanda, inamwagika kando, imeisha."

"Moto si ni sawa?"

"Ni sawa."

"Basi umemaliza chuo kikuu. Wengine wamesoma miaka minne kujua hiyo."

Akanieleza. Chini ya mlima kuna kitu kama sufuria, na ndani mawe imeyeyuka kwa moto, hiyo wanaita magma. Ndani yake kuna pumzi, hewa na mvuke. Kama ni nyepesi kama uji, pumzi inapita tu, mlima inamwaga taratibu na watu wanaondoka wakitembea tu. Kama imeshikana kama ugali, pumzi inakwama. Inakaa hapo ndani ikifura, ikifura, na siku itatoka haitoki kama uji. Nilirudisha mwiko nyuma.

"Na hii yetu ni gani?"

"Zote mbili, kwa sufuria moja."

Alisema zimepangana. Chini iko ile nyeusi, moto sana, inayomwagika. Juu yake iko ile imeshikana. Nikamwambia hapo unanidanganya, ile imeshikana si ndiyo ingekuwa chini? Akacheka na mimi. "Mchuzi ya mbuzi ikipoa, mafuta inaganda. Si imeshikana kushinda mchuzi? Na si imeelea juu?" Nikakubali, kwa sababu ni kweli. Akasema zinakaa hivyo miaka na miaka kama wake wenza, kila mtu na upande yake, hakuna anayesumbua mwingine. Shida inaanza siku moto mpya inapanda kutoka chini zaidi na kuingia hapo. Ile ya juu inapata joto, pumzi yake inafura. Ile ya chini nayo inaanza kutoa povu, povu inaifanya iwe nyepesi, na kitu nyepesi haikubali kukaa chini. Inapanda. Zinachanganyika.

"Na juu ya hiyo yote kuna nini, mzee?"

Akaangalia kifuniko yangu hapo chini kwa sakafu. "Kuna paa," akasema. "Na juu ya paa, kuna kuku zako."

Hiyo ugali sikuimaliza. Shiru na watoto walikuwa wamekuja kunitembelea, wakaila ikiwa mbichi na Shiru akaniuliza kama niko mgonjwa.

Siku ingine alinipata nimeketi nje nasugua visigino na lile jiwe letu la matundu matundu, yako kila mahali hapa, hata mashambani. Akaninyang'anya, akatupa kwa beseni. Likaelea. Akasema, "Unajua unajisugua na nini? Na povu. Ile ugali iliruka, ikaganda ikiwa angani, ikaanguka." Nikatoa miguu kwa maji mbio kama kuna nyoka. Tangu hiyo siku sijasugua na hiyo jiwe, visigino vyangu vimepasuka kama barabara ya murram, na sijali.

Sasa usifikirie alikuwa mtu wa kutisha watu. Hapana! Alikuwa na uso ya kucheka, na watoto walimfuata kama vifaranga. Aliwapeleka machimboni, kule wanakata mawe ya kujenga, anawaambia wasome ukuta. Mimi pia nilienda, mtu mzima, nikijifanya natafuta mbuzi. Ule ukuta ulikuwa na mistari, chini nyeupe nyeupe, juu inaenda ikiwa nyeusi.

"Mama akipakua," aliwauliza watoto, "wa kwanza anapata ya wapi?"

"Ya juu ya sufuria!"

"Na inaanguka wapi kwa sahani?"

"Chini!"

"Na wa mwisho?"

"Anapata ile imeungua!"

Watoto wakacheka. Akasema basi mlima pia ilipakua hivyo, zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu. Ya juu ndiyo ilitoka kwanza ikalala chini, ile nyeupe. Halafu ikachota, ikachota, mpaka ikafikia ile nyeusi ya chini. Na sufuria ikibaki tupu, paa haina kitu ya kuishikilia, ikaanguka ndani. Ile shimo watu wanakuja kupigia picha siku ya Jumapili, na soda mkononi, ni paa ya nyumba iliyoanguka.

Mtoto mmoja akauliza, "Na sahani iko wapi?"

Mzee akageuka, akaonyesha chini kwa mkono, Kiamunyi, mjini, mpaka kwa ziwa. Watoto wakacheka tena. Mimi nilishika ule ukuta nikihisi ardhi ni nyembamba kama ngozi.

Na kulikuwa na siku moja hakupenda kuulizwa habari yake. Mimi aliniambia mara moja peke yake. Walikuwa wanachimba, chini mbali sana, mashine ikakwama. Walivuta na ikakataa. Ikatema matope, akachota kama siku zote, akaosha kama siku zote, na kwa chujio hakuona mawe. Aliona kioo. Nyeusi, mpya, inang'aa, vipande vipande kama chupa iliyovunjwa asubuhi hiyo. Akaosha tena, akidhani ni macho. Wasomi wakakuja, wakaangalia, wakapitishiana mkono kwa mkono. Aliniambia, "Mama Shiru, kioo kama hiyo inakuja namna moja tu. Ni ile kitu yenyewe, imeguswa na maji yetu baridi ikaganda ghafla. Tuligonga mlango, na kuna mtu nyumbani."

Nikamuuliza ilikuwa moto? Akasema hapana, ilifika juu imepoa. "Hiyo ndiyo ilinitisha. Nilishika na mkono hivi, na haikunichoma."

Lakini huyu mzee! Ukimfuata maneno yake unapotea. Aliwacheka watu wanaoenda kufunga na kuomba kwa mapango ya mlima, akisema mlima haina masikio. Na kila Ijumaa yeye mwenyewe anapanda, anaenda mahali mvuke inatoka, anapiga magoti, anaweka mgongo wa mkono kwa udongo, vile unapima mtoto homa. Alituambia, "Msiogope, imelala." Na kwa shamba yake hakuna mti hata moja. Sukuma wiki, dania, vitunguu, basi. Nikamwambia, "Mzee, panda hata avokado moja." Akasema, "Avokado inataka miaka." Akaenda na jembe yake. Nilirudi nyumbani nikaangalia avokado zangu saba, nikaona nimekuwa mjinga mara saba.

Na kulikuwa na neno lake moja, alilisema akicheka, kwa harusi, kwa matanga, kwa duka. "Siku mtaona Muosha Mawe amehama, msiulize. Fungeni virago." Watu walicheka. Mimi nilikuwa namhesabu kila asubuhi kama kuku. Nikiona moshi ya jikoni yake, nakunywa chai.

Halafu mvua ndefu ikaja, na kwa ploti ya Shiru ardhi ikapasuka. Si kitu mpya, huku kwetu ardhi hupasuka mvua ikizidi. Shiru alikuwa ameshaanza msingi, bila kungoja jibu yangu, si unajua watoto wa siku hizi. Fundi akaniambia, "Mathe, hii ni ya kujaza tu." Na sisi huku tukijaza shimo tunajaza na kile kiko karibu. Nikampa mbolea ya ng'ombe kutoka boma, na mabua ya mahindi, gunia na gunia, juu akatupa udongo kidogo. Tukasahau.

Asubuhi moja ya baridi natoka kukamua, naona moshi inatoka kwa ardhi. Nyeupe. Inapanda mstari mzima, penye ufa ilikuwa. Nikaangusha ndoo. Nilipiga nduru mpaka mbwa wa Kiamunyi yote wakajibu. Watu wakatoka na blanketi, wengine na Biblia, mama mmoja alikuja amebeba televisheni. Wakasimama mbali. Mmoja anasema tuombe, mwingine anasema tukimbie kwanza tuombe mbele ya safari.

Muosha Mawe akakuja akikimbia. Mzee wa umri huo, kiatu kwa mguu mmoja! Akapita watu, akapiga magoti, akaweka mgongo wa mkono. Akanusa. Akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa kitu nyeusi inatoa mvuke, akaiinua juu.

"Mama Shiru," akasema, "hii volkeno yako inakula mabua."

Ilikuwa mbolea! Imeoza huko chini, ikapata joto, na asubuhi ya baridi ikatoa mvuke. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mpaka leo nikienda sokoni kuna mtu ananiuliza, "Mlima imekula nini leo?" Hata mimi nacheka.

Lakini wao hawakuona. Mimi niliona. Watu wakirudi, yeye hakuinuka. Nikamletea maji, na kikombe ikagonga meno yake, ko ko ko, maji yote kwa shati. Na kwa mdomo bado anasema, "Msiogope. Msiogope." Hakuna mtu tena hapo wa kuambiwa. Nilijua hapo hiyo neno alikuwa anaambia nani miaka hii yote.

Nyumba ya Shiru ilifika linta, pale juu ya milango na madirisha. Na wiki hiyo hiyo, natoka asubuhi, sioni moshi kwa Muosha Mawe. Naenda. Mlango imefungwa kwa kufuli. Jirani ananiambia pikapu ilikuja mapema, ikabeba kitanda, viti, na yeye mwenyewe mbele, na hakuaga mtu.

Wacha nikuambie, hiyo habari ilipita Kiamunyi kama moto kwa nyasi. Amehama! Muosha Mawe amehama! Kabla ya saa sita boma mbili zilikuwa zimefunga magodoro. Nikaenda mbio kwa ploti nikamwambia fundi ashuke. Shiru akaja na hasira.

"Mum, wacha drama. Mzee amehama tu, watu huhama."

"Si huyu."

"Sasa nyumba iishie hapo? Kwa linta?"

"Iishie hapo mpaka nimwone."

Alikuwa amepelekwa Lanet, upande ule mwingine wa mji, kwa kijana yake. Nilimpata kwa uwanja, ameketi kwa kiti ya plastiki, uso kwa ukuta wa jirani. Nikasimama mbele yake na hakuniona. Nikakohoa.

"Mama Shiru," akasema. "Umekuja na viatu vya raba."

Kumbe ni macho. Yalikuwa yanaenda pole pole na hakuambia mtu. Mwishowe akaanguka kwa bomba ya maji, na kijana akasema imetosha. Hakuaga kwa sababu alikuwa analia, na mwanaume mzee hataki kuonekana analia kwa pikapu.

"Watu wamefunga magodoro, mzee! Ulisema ukihama tuhame."

Akashika kichwa. "Wui. Nilisahau mtu huhama hata kwa sababu ya macho. Waambie wafungue. Ijumaa ilikuwa sawa, nilipima."

Nikaketi chini kwa nyasi. Nikamwambia, mzee, leo hutanionyesha kitu, kwa sababu huoni. Leo utanijibu. Msichana ajenge ama asijenge?

Akageuza kiti, uso ukatoka kwa ukuta.

"Wewe ulikuwa unaniuliza kama italipuka," akasema. "Hiyo mimi sijui. Wasomi hawajui siku. Mimi niliosha tu. Na nikawaambia imelala, na niliogopa kila nikisema."

"Najua. Nilikuona siku ya mbolea."

Akaitikia kwa kichwa, hakukasirika. "Lakini hukuwahi kuniuliza kama italipuka bila kusema. Hapo ningekujibu. Mlima kama hii mara nyingi inasema. Ule moto mpya ukiingia chini, ardhi inainuka, inatetemeka kidogo kidogo, mvuke inabadilika. Wenye mashine wataona, na watasema tokeni. Shida si mlima kunyamaza. Shida ni watu kusimama na blanketi wakibishana." Akainua uso. "Mlango wa hiyo nyumba unaangalia wapi?"

"Unaangalia mlima. Shiru anataka akifungua aone ile uzuri yote."

"Na nyuma?"

"Nyuma ni ukuta. Na tangi ya maji."

Hakucheka. Akanyoosha mkono akitafuta wangu, akaupata. "Ajenge," akasema. "Lakini mlango uangalie barabara. Mtu asianze kukimbia kwa kuzunguka nyumba."

Fundi alivunja ukuta siku mbili. Shiru hakuongea na mimi siku hizo zote, halafu akaongea sana. "Mum, hiyo viu ndiyo ilinifanya nipende hapa! Sasa nikifungua mlango naona nini? Lori na vumbi?" Nikamwambia vumbi haijawahi kuua mtu. Wakahamia mwezi uliofuata, dirisha za upande wa mlima nikaziwekea mapazia mazito, na nilienda siku ya kwanza bila kubeba zawadi.

Nikawaita wale wajukuu wangu watatu. Nikawaambia walale kwa kitanda, viatu kando. Mimi nikasimama barabarani, nikapiga nduru, ile ya siku ya mbolea. Wakatoka kwa ule mlango wakikimbia, mkubwa amevuta mdogo kwa mkono, wanacheka, vumbi nyuma yao, wakanigonga kwa tumbo.

"Shosho! Tumemshinda nani?"

Niliangalia juu ya vichwa vyao, juu ya paa mpya, kule nyuma. Mlima ilikuwa imetulia tu, rangi ya samawati, nzuri kabisa.

"Bado hatujamshinda," nikasema. "Rudini kitandani. Tunakimbia tena."